Umezaliwa wa Ngapi?

Watu wanacheka nikisema nimestaafu. Kichwani sina hata unywele mmoja mweupe, mama bado ananituma dukani kununua chumvi, halafu natangaza kustaafu kama jaji. Wacheke. Tangu nilipomaliza senior four, yaani kidato cha nne, hadi mwezi huu nimekalia kiti kimoja cha plastiki, chenye ufa unaobana nguo, ndani ya duka moja la komputa hapa Kasese mjini, kando ya barabara ya kwenda Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Mtu akikalia kiti cha namna hiyo mpaka ufa ukajua umbo lake, amestaafu. Sitaki mjadala.

Nawaandikia ninyi, Kabugho na Mbambu, mnaoanza kazi Jumatatu. Najua mmesoma kuliko mimi. Mna vyeti vya komputa vyenye mhuri wa dhahabu, nimeviona, nimevipiga chapa mwenyewe. Lakini mhuri wa dhahabu hautawaambia kwamba skana ile inapigwa kofi upande wa kushoto, kamwe si wa kulia, na kwamba ikianza kulia kama paka mnaizima, mnakunywa chai, mnaiwasha. Habari za vyeo sitaandika, sikupata hata kimoja.

Siku yangu ya kwanza nilivaa gauni la kanisani. Baba yangu alikuja huku kutoka Kenya kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, na kwake yeye kazi yoyote isiyotia vumbi kifuani ni kazi ya kuvalia gauni la kanisani. Mwenye duka alikuwa Afande Odongo. Alikuwa karani wa jeshi, mpiga chapa wa majina ya askari, na alikwisha kustaafu jeshi, ila jeshi lenyewe lilikuwa halijamwacha.

“Kaa!” akasema. Nikakaa.

“Jina?”

“Achieng.”

“Andika.”

Nikaandika. Akavaa miwani, akalisoma herufi moja moja kana kwamba ni ramani ya adui.

“Maana yake?”

“Mtoto aliyezaliwa jua likiwa kali, Afande.”

“Basi Kasese itakuzoea.” Halafu akavua miwani. “Sikia. Jina ni mutu. Kule ofisi yetu, karani akikosea herufi, askari akikufa, barua inaenda kwa mama ya mutu mwingine. Huyu mama analia bure. Ile mama nyingine anaendelea kupika chakula ya kijana yake. Umeelewa?”

“Nimeelewa, Afande.”

“Hujaelewa. Utaelewa.”

Mwanzoni tulikuwa tunapiga chapa kadi za harusi, ratiba za mazishi na barua za kuomba kazi. Kisha bodi ya mitihani ya wahasibu kule Kampala ikaanza kupokea maombi kwa mtandao, na ghafla Kasese nzima ikataka kuwa mhasibu. Sijui ni nani aliyewaambia. Kwa asiyejua, huo ni mtihani wa leseni. Ukimaliza karatasi zake zote unaruhusiwa kutia sahihi kwenye hesabu za makampuni na kutembea polepole. Lakini kabla ya kuufanya, lazima kwanza ukubaliwe kuufanya. Uwe na cheti cha senior six, mwisho wa sekondari, chenye alama za kutosha, au digrii, au diploma inayotambuliwa. Ukisomea nje ya nchi, cheti chako kipelekwe Kampala kikalinganishwe na vya hapa. Uwe na kitambulisho cha taifa, uwe na picha yenye ukuta mweupe nyuma. Ujaze fomu. Halafu usubiri kuambiwa ulichosahau.

Wa kwanza kumiminika walikuwa wenye digrii. Hao walikuwa wanaingia bila kusalimia, wanaweka funguo za pikipiki juu ya kibodi yangu na kusema, “Dada, nimekuja kuomba msamaha.” Maana yake ni hii. Masomo ambayo chuo kimekwisha kukufundisha, bodi inaweza kukuruhusu usiyarudie, na hapa mjini tunaita kusamehewa karatasi. Basi wanakuja kusamehewa karatasi tano, sita, na ukiwatazama unaona kabisa kwamba hizo karatasi hawakuwahi kuzitenda. Mmoja nilimwuliza tarehe ya kuzaliwa, akatazama kwanza simu. Mwingine aliandika jina la chuo chake kwa namna tatu kwenye ukurasa mmoja, kisha akanigeukia kwa upole mkubwa akaniuliza kama nilifika darasa la ngapi.

Nilikuwa nawajazia. Mnacheka? Nilikuwa nawadharau toka unyayoni, na nilikuwa nawajazia vizuri kabisa, kwa sababu kila mmoja ana mama mahali fulani aliyekwisha kuwatangazia majirani.

Sasa koti. Bodi inataka mwombaji apige picha akiwa amevaa kiheshima, na waombaji wetu wengi heshima yao inaishia kwenye shati. Afande akatundika koti jeusi kwenye msumari nyuma ya mlango. Lilishonwa kwa ajili ya mtu mnene tusiyemjua, kwa hiyo kila mteja tulimbana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kwa mbele, mkurugenzi. Kwa nyuma, kamba ya kufulia. Mwalimu wa Bulembia amelivaa, muuza dawa wa Muhokya amelivaa, mke wa polisi wa Rukoki amelivaa akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto tukamfunika humo humo. Yule anayepokea maombi kule Kampala lazima anaamini kwamba wilaya yetu yote ina fundi cherehani mmoja, na kwamba fundi huyo ana chuki.

Na koti lile lina tabia. Mtu akilivaa tu, Kiingereza kinaanza kumtoka. Akilivua, kinabaki mfukoni.

Msidhani ilikuwa kicheko tu. Mto ukifurika kule Bulembia, watu wanakuja na vyeti walivyovianika juani, vimejikunja kama majani ya tumbaku, wino umekimbilia pembeni. Alikuja dada mmoja, mke wa askari, amehamishwa kambi hadi kambi. Cheti chake kilibaki na mhuri tu na nusu ya alama. Tulikilaza chini ya kioo cha skana tukakipapasa kama mtoto mwenye homa. Bodi ikamjibu kwa mstari mmoja, kwamba hakisomeki. Wenzangu wa mjini, wenye digrii zisizolowa, walikuwa wanasimama nyuma yake kwenye foleni wakipiga miluzi.

Lakini kesi iliyonifundisha kazi ilihusu herufi moja.

Kwenye fomu ya bodi kuna kisanduku kinachodai jina la ukoo, na hakikubali kuachwa wazi. Ninyi ni Wakonzo, mnajua tatizo liko wapi, ila naandika kwa ajili ya atakayewafuata, huenda akawa mgeni kama mimi. Huku majina yanafuata foleni ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Wasichana nao wana foleni yao. Baba anaweza kuwa Thembo na mwanawe Baluku, na hakuna jina linalowaunganisha ila uso. Kwa hiyo kwa macho ya bodi, familia nzima ya Bwera ni watu waliokutana barabarani.

Siku moja akaingia kijana kutoka Bwera, mtaratibu, bahasha kifuani. Alikuwa na tai yake mwenyewe. Nikampenda pale pale. Msianze! Nilimpenda kama unavyompenda mteja asiyegusa skrini kwa kidole chenye mafuta ya chapati. Alikuwa msaidizi wa mhasibu kwenye chama cha wakulima wa kahawa.

“Jina?” nikamwuliza.

“Hilo ndilo tatizo, dada,” akasema, akacheka kidogo, akakaa.

Kitambulisho chake cha taifa kilisema Masereka. Cheti kilichomstahilisha kufanya mtihani, diploma ya sekondari aliyoipata Kongo, kilisema Kasereka. Alizaliwa Bwera, lakini alilelewa na mama yake mdogo upande wa pili wa mpaka, pale Kasindi, akasoma huko mpaka mwisho. Na watu wa upande ule ni wale wale wa upande huu, mlima mmoja, lugha moja, foleni moja ya majina. Tofauti ni kwamba mtoto wa tatu hapa anaitwa Masereka, na akivuka daraja la mpakani anaitwa Kasereka. Ni kama shati lile lile lililopigwa pasi na watu wawili.

Cheti chake kilikuwa kimekwisha kulinganishwa Kampala, bila shida. Bodi ndiyo iliyokataa. Alikuwa ameomba mara mbili, mara mbili wakamrudishia kwamba majina hayalingani, vyeti ni vya watu wawili.

“Safari hii wakikataa, sirudii tena,” akaniambia. Meneja mpya wa chama alikuwa ametangaza kwamba asiyesajiliwa kwa mtihani ujao atafute kwingine. Na mjomba wake alikuwa na duka kubwa Butembo, ndani kabisa ya Kongo, anamwita kila wiki akamtunzie stoo. “Nitavuka. Nifanye nini?”

“Na mama yako anasemaje?”

Akatazama bahasha. “Mama hapati usingizi. Anasema kule watu wanakimbia vita na magodoro kichwani, mimi naenda na tai.”

Nikapiga simu Kampala. Sauti iliyopokea ilikuwa ya dada mmoja, baridi kama soda. Nikaeleza kila kitu, Masereka, Kasereka, wa tatu, daraja. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu ya Kiganda, “Sawa, nnyabo. Sasa ni yupi kati yao anayeomba?”

“Ni mmoja, dada.”

“Ndiyo. Na yule mwingine, mwambie naye alete kitambulisho chake.”

Afande akaninyang'anya simu. “Hakuna mwingine! Iko mutu moja! Wewe umesoma wapi?”

“Wewe ni nani?”

“Afande!”

Simu ikakatwa. Afande akaitazama kama askari aliyetoroka.

Akatokea sasa yule bwana wa stendi ya teksi. Mtamjua, ana viatu vyenye ncha na anajiita konsaltanti. Alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, kama kawaida yake, kwa maana ofisi yake ni milango ya watu. Akainama juu ya diploma ya Masereka akaipiga kwa ukucha.

“Herufi moja tu, ndugu yangu. K hii ina mguu, unaiongezea mguu mwingine, unafunga juu, inakuwa M. Mimi na huyu dada na hii skana. Kampala hawana macho.”

Mimi nikamtazama Masereka. Aliweka vidole juu ya ile K akaviacha hapo, na sitamlaumu mtu kwa kuviacha. Alikuwa anaiona Butembo.

“Nikianza uhasibu hivi,” akasema mwishowe, “nitaumaliza vipi?”

“Toka!” Afande akamwambia yule bwana. “Geuka! Tembea!” Na konsaltanti akatembea, akageuka mara moja tu kusema kwamba ndiyo maana Kasese haiendelei.

Iliyobaki ilikuwa njia ya kiapo. Wakili wa ghorofani, jirani yetu, alikuwa na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, tayari kwa kila mtu, unajaza jina tu. Masereka akaisoma amesimama. Ilisema kwamba yeye, anayeitwa Masereka, ameliacha na kulikana kabisa jina lake la zamani, Kasereka, na hatalitumia tena maishani.

“Siwezi kuapa hivi,” akasema.

Wakili alikuwa anakula karanga. “Kwa nini?”

“Sijaliacha. Sina jina la zamani. Ni moja.”

“Kijana, hii ni karatasi tu. Unaapa, unaenda.”

“Karatasi tu?” Masereka akauliza. Hakuuliza kwa kiburi. Aliuliza kama mtu aliyetaka kweli kujua. Wakili akaacha kutafuna, akamtazama, kisha akanitazama mimi kana kwamba nimemletea mgonjwa wa ajabu.

Na mimi, nawaambieni, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa namtetea mtu ambaye hakutaka kuokolewa kwa njia yoyote iliyokuwa na mlango. Ngazini nikamwambia, “Kaka Masereka, siku za usajili zinaisha. Unataka wakuamini kwa lipi? Umlete mama yako?”

Nilikuwa namkejeli. Yeye akasimama kwenye ngazi. “Nimlete?”

Akamleta. Na mama hakuja peke yake.

Mama Baluku, kama mnavyomwita mama kwa mtoto wake wa kwanza, alishuka kutoka Bwera na wanawe wote. Mama mwenyewe kazaliwa upande wa Kongo, na Kiswahili chake ni cha huko. Walijaa dukani mpaka wateja wakadhani kuna msiba. Baluku ni fundi wa baiskeli, mrefu, hasemi. Bwambale anauza nyanya na anasema kwa niaba ya Baluku. Kule ni mwalimu wa shule ya msingi. Thembo, kitinda mimba, kazi yake ni kuwacheka hao wengine.

“Ni wewe mwenye kuandika?” mama akaniuliza.

“Ndiyo, mama. Naitwa Achieng.”

“Kwenu umezaliwa wa ngapi?”

“Wa kwanza kwa wasichana.”

“Basi wewe iko Masika,” akasema, akanishika mkono, na tangu siku hiyo mimi ni Masika, sikuulizwa. “Twende kwa huyu mukubwa wa sheria.”

Wakili alipoona mlango wake umezibwa na wanaume watano na mwanamke mmoja mfupi, akaziweka karanga kwenye droo.

“Mama, tatizo lenu nalijua,” akaanza. “Sheria inataka…”

“Sheria inajua kuhesabu?”

“Eh… inajua, mama.”

“Basi hesabu.” Akawageukia wanawe. “Simameni kwa mustari.”

Wakasimama, kila mmoja na kitambulisho chake mkononi. Wakili, sijui ni nini kilimwingia, akatoka nyuma ya meza akahesabu kweli, akisoma kila kitambulisho. “Baluku. Bwambale. Masereka. Kule. Thembo.”

“Huko ng'ambo yetu, mutoto wa tatu banamuita Kasereka. Hapa banamuita Masereka. Kampala banasema beko wawili.” Mama akampita Masereka, akasimama kati yake na Kule, akapima nafasi kwa mikono yake miwili. “Sasa huyo mwingine nilimuzaa wapi? Hapa? Huyu Kule alikuwa anasukuma, hakuna nafasi!”

“Nilisukuma sana,” Kule akasema kwa sauti ya darasani.

“Bado anasukuma,” Thembo akasema. “Kitanda tulilala wote, waulize mbavu zangu.”

Wakili akacheka. Lazima niseme haki yake, alicheka kama mtu, si kama wakili. Akaichana ile karatasi yake iliyokuwa tayari kwa kila mtu, akachukua kalamu, akaniambia nikae niandike upya. Tuliandika kwamba hakuna jina lililoachwa wala kubadilishwa, kwamba kwa desturi ya watu wa milima hii mtoto wa kiume wa tatu huitwa Masereka upande mmoja wa mpaka na Kasereka upande wa pili, kwamba mama huyu ana mtoto wa tatu mmoja tu, na kwamba ndugu zake wa mbele na wa nyuma wamefika wenyewe kuthibitisha nafasi yake. Masereka akaisoma yote mara mbili. Akaapa. Mama akaweka dole gumba, akaligandamiza mpaka meza ikalia.

Tukarudi dukani kutuma. Nikaskani kiapo, nikaskani vitambulisho vitano, nikakuta mtandao wa bodi haupokei mzigo wote huo. Kiapo na kiambatisho kimoja tu cha ziada, basi. Ukitaka kujua anayeunda mitandao hii ana ndugu wangapi, mimi nadhani hana hata mmoja.

“Chagua moja,” Afande akasema.

“Nikiweka cha Bwambale, watauliza wa nne yuko wapi. Nikiweka cha Kule, watauliza wa pili.”

Nikawatazama walivyokaa kwenye benchi, kwa foleni ile ile, bila kupanga, jinsi walivyozoea. Na hapo nikajua.

“Simameni ukutani,” nikasema. “Mama, kaa hapa mbele.”

Nikampa kiti changu chenye ufa. Wanawe wakasimama nyuma yake kwa mpango wa kuzaliwa, vitambulisho vifuani kama wafungwa wenye furaha. Katikati Masereka, ndani ya koti jeusi, tai yake mwenyewe shingoni. Vibanio sikumwekea. Kwa mara ya kwanza tangu litundikwe msumarini, koti lile lilimwenea mtu, kwa sababu Bwambale na Kule walikuwa wamelishika kwa nyuma, kila mmoja upande wake.

“Thembo, usicheke.”

“Sicheki, huu ndio uso.”

Nikapiga. Nimepiga maelfu ya picha za watu waliobana pumzi mbele ya ukuta mweupe, wakijifanya wakubwa. Hii ilikuwa ya kwanza ambayo watu ndani yake walikuwa wanafanana na wao wenyewe. Picha ile ndiyo iliyonistaafisha. Tangu siku ile nawaza studio yangu pale Rukoki, yenye pazia nililochora milima mwenyewe, ambako hakuna mtu atakayevaa koti la mwingine. Afande anasema ni ndoto. Ni ndoto. Nimekwisha kulipaka rangi pazia.

Tukatuma. Kisha tukasubiri, na kusubiri kwenye kazi hii ndiko kazi yenyewe. Masereka alikuwa ananipigia kutoka Bwera akijifanya anauliza hali yangu. Mjomba wa Butembo naye alikuwa anapiga, amekwisha kumtafutia chumba. Mara moja kijana akaniambia amefungasha begi, kwa sababu tu hakujua afanye nini na mikono.

Kadi ya mtihani ilikuja siku mama alipokuwa mjini, siku ya soko. Nikamwita Masereka kwa simu, akaja na pikipiki na Thembo nyuma yake, vumbi mpaka kwenye kope. Nikafungua. Picha yake ilikuwepo, na koti. Ruhusa ilikuwepo, amesajiliwa, amekubaliwa. Na pale kwenye jina nikasoma, nikasoma tena, nikaanza kucheka mpaka Afande akaniamuru ninyamaze.

“Imeandikwa nini?” mama akauliza.

“Mama, wameandika Masereka Kasereka. Kwenye kisanduku cha ukoo wameweka lile la Kongo.”

“Wa tatu, wa tatu?”

“Wa tatu, wa tatu.”

Kampala, iliyokataa mara mbili kwa sababu watu walikuwa wawili, ilikuwa imewakubali wote wawili. Masereka aliketi kwenye benchi, akashika kichwa, akacheka bila sauti, na machozi yakachora njia kwenye lile vumbi. Nilimtaka aseme kitu nikikumbuke. Alisema, “Dada, niprintie mbili.”

“Mukubwa wangu sasa amepona,” Thembo akasema. “Akifaulu ni Masereka. Akifeli, alifeli Kasereka.”

Mama akaichukua kadi, akaishika mbali, akaishika karibu, ingawa kusoma hajui. “Basi nimezaa wawili na uchungu mumoja,” akasema. “Nipe simu.”

Masereka akampa. Akampigia ndugu yake Butembo, akasimama katikati ya duka letu, na kwa sauti ya kuvuka mpaka bila mtandao akasema, “Unasikia? Ule mutoto wako Kasereka, miye sijui, akitaka kuja atakuja. Uendelee kumungojea.” Akamtazama mwanawe aliyeketi kwenye benchi. “Lakini huyu Masereka iko wangu, na iko na mutihani.”